Nani Aliyeingia Shamba la Mwingine?



Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado mwalimu kijana, nilikwenda kwa miguu pamoja na kundi la vijana wa parokia hadi kijiji kimoja kilichoko nyuma ya kilima. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na njia ilikuwa ndefu na yenye matope. Vijana wawili waliotutangulia wakaona heri kukata katikati ya shamba la maharagwe. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alisimama, akaegemea jembe lake, akawauliza kwa sauti ya upole: «Wanangu, hapo mmeona njia?» Walipogeuka kutazama, waliona nyayo zao zimelaza miche kwa mstari mrefu. Wakaona haya. «Utusamehe, mama,» wakasema, kisha wakatoka pembeni na kuifuata njia pamoja nasi.

Tuliketi naye kidogo chini ya migomba, naye akatusimulia habari ya shamba lile. Alilipokea kwa mama mkwe wake, aliyelilima tangu alipoolewa. Lakini miezi michache kabla ya siku ile, mtu alikuwa amefika na karatasi yenye muhuri, akisema kwamba kilima chote kina mwenye hati anayekaa mjini, na kwamba wote wanaolima pale wameingia bila haki. Mama akacheka kicheko kisicho na furaha, akasema: «Ninyi mmeingia kwangu. Na mimi, wanasema, nimeingia kwa mwingine.»

Neno lile halijaniacha hadi leo. Ndani yake mna historia nzima ya nchi yetu. Kila taifa lina sheria ya kumzuia mtu asiingie shamba la mwenzake, na bila sheria hiyo hakuna ambaye angethubutu kupanda mbegu. Lakini sheria hiyo hiyo, ikibadilishwa swali lake, yaweza kumfanya mkulima kuwa mgeni juu ya udongo alioulima. Katika ukurasa huu nataka tufuate njia ya swali hilo: hakimu wa kale aliuliza nini, na hakimu wa nyakati za karibu ameuliza nini?

Sheria ya jasho

Tuanze mbali. Karibu miaka 1750 kabla ya Kristu, mfalme Hammurabi wa Babeli aliamuru sheria zake zichongwe juu ya jiwe. Miongoni mwake zimo sheria za mchungaji aliyeingiza kondoo katika shamba la mtu bila kupatana naye. Mchungaji huyo alipaswa kumlipa mwenye shamba gur 20 za nafaka kwa kila kipimo cha shamba kilicholiwa. Lakini ikiwa wakati wa malisho umekwisha kufungwa na makundi yamerudishwa mjini, naye akathubutu kuwaingiza kondoo shambani, malipo yalipanda hadi gur 60. Tazameni hekima iliyomo. Kosa ni moja na shamba ni lile lile, lakini adhabu inazidi mara tatu, kwa sababu sasa hakuna tena udhuru, na mwenye shamba hana nafasi ya kuyarudishia mazao yake. Sheria ile ilipima hasara ya mkulima.

Torati ya Musa ilifuata njia hiyo hiyo. Katika kitabu cha Kutoka, mtu ambaye mnyama wake amekula katika shamba la mwingine anatakiwa kulipa kwa mazao yaliyo bora ya shamba lake mwenyewe. Kumbukumbu la Torati linaongeza jambo linalowashangaza wengi wanaolisoma kwa mara ya kwanza: msafiri aliruhusiwa kuingia katika shamba la mizabibu la jirani na kula hadi ashibe, ila asitie kitu katika chombo chake. Aliruhusiwa pia kukwanyua masuke kwa mkono, ila asipeleke mundu. Kwa maneno mengine, kilichoamua kosa hakikuwa unyayo peke yake. Njaa iliruhusiwa kuvuka mpaka, tamaa haikuruhusiwa. Na yule aliyesogeza jiwe la mpaka wa jirani yake alihesabiwa miongoni mwa waliolaaniwa.

Mababu zetu hapa katika nchi ya Maziwa Makuu hawakuandika juu ya mawe, lakini walikuwa na sheria. Mpaka ulijulikana kwa mto, kwa jiwe, kwa mstari wa mimea yenye utomvu mweupe kama muyenzi, ambao ng'ombe hawaupendi. Mtu hakung'oa mmea wa mpaka kwa mzaha. Mashamba yalipokuwa na mazao, mwenye mifugo alipaswa kuichunga, na wazee waliitwa kukadiria hasara iwapo imeingia. Baada ya mavuno, katika sehemu nyingi, mabua yaliachwa kwa ng'ombe, na yule yule ambaye jana angeshtakiwa leo alipita bila neno.

Katika Bushi kulikuwa na mapatano yenye majina yake. Kalinzi ilikuwa zawadi, mara nyingi ng'ombe, ambayo mtu alimpa mwami au mwakilishi wake, naye akapokea haki ya kulima mahali fulani yeye na watoto wake baada yake. Bwasa ilikuwa ruhusa ya muda mfupi. Aliyepewa bwasa alilima maharagwe au mihogo, lakini hakupanda migomba, kwa sababu mti udumuo ni dai lidumulo. Hata mtoto aliweza kutazama shamba na kufahamu ni haki ya namna gani inayokaa pale.

Nisiipambe mila kupita kiasi. Zawadi ya kalinzi ilimfunga mkulima kwa mkubwa wake, na aliyekosa ng'ombe alikosa shamba. Mwanamke alilima kwa jina la mume au la mtoto wa kiume, na mjane aliweza kufukuzwa na shemeji zake. Hata hivyo mila ilihifadhi swali moja la lazima. Mtu aliposhtakiwa kwamba ameingia shamba la mwingine, wazee waliuliza: nani alifyeka msitu hapa? Nani alimwonyesha mahali? Nani ameyaona mazao yake? Waliuliza juu ya jasho na juu ya mashahidi.

Swali lilipobadilika

Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mikononi mwa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, ilitoa amri fupi juu ya ardhi. Amri hiyo ilisema mambo matatu. Mosi, mtu asikalie bila hati ardhi isiyo na watu. Pili, mtu asiwanyang'anye wenyeji ardhi wanayoikalia. Tatu, ardhi zote zisizo na watu zihesabiwe kuwa mali ya Dola.

Ukiyasoma maneno hayo upesi, utadhani yanamlinda mwenyeji, na sehemu ya pili kweli ilisema hivyo. Shida ilikuwa katika neno «kukalia». Kwa mkulima wa Kongo, kukalia hakukuwa na maana ya nyumba na shamba la mwaka huu tu. Alilima mahali pamoja misimu michache, kisha akapaacha papumzike miaka kadhaa, akafyeka pengine, na baadaye akarudi. Msitu ulikuwa ghala lake: humo alipata kuni, dawa, uyoga, asali, nyama na miti ya kujengea. Shamba linalopumzika lina mwenyewe, kama vile kitanda kina mwenyewe hata mchana ambapo hakuna aliyelala juu yake. Lakini watawala walilifasiri neno hilo kwa ufinyu: wenyeji wanakalia vibanda vyao na mashamba yaliyolimwa sasa, na yote yaliyobaki hayana watu.

Hapo swali la hakimu likageuka. Halikuwa tena: nani ametoa jasho hapa? Likawa: hati yako iko wapi? Na kwa swali hilo, katika nchi ambamo karibu hakuna mwenyeji aliyekuwa na karatasi, karibu kila mtu alikuwa mvamizi.

Matokeo hayakukawia. Tarehe 21 Septemba 1891 mfalme alitia sahihi amri ambayo haikutangazwa kwa watu wote, akiwaagiza maofisa wake wahakikishe kwamba mazao ya ardhi ya Dola, hasa pembe za ndovu na mpira wa msituni, yanabaki mikononi mwa Dola. Barua za wakuu wa wilaya zilizofuata mwaka huo na mwaka 1892 ziliwakataza wenyeji kuwinda ndovu na kukusanya mpira isipokuwa wauleta kwa maofisa, na zikaonya kwamba mfanyabiashara atakayenunua kwa mwenyeji atahesabiwa kuwa mpokeaji wa mali ya wizi. Fikirini jambo hilo. Mtu anakata mtambaa wa mpira katika msitu ambamo babu yake aliwinda, naye anaitwa mwizi. Mwaka huo huo wa 1892 makampuni yenye idhini ya Dola, kama ile iliyojulikana kwa jina la ABIR huko Maringa na Lopori, yalipewa nchi kubwa za kukusanya mpira. Mateso yaliyofuata mnayafahamu kutoka masomo yenu ya historia. Nawaomba mkumbuke tu kwamba kabla ya bunduki na kabla ya mijeledi ilitangulia sentensi moja juu ya karatasi, iliyosema kwamba msitu hauna mtu.

Dunia ilipopiga kelele, Leopold alilazimika kutuma Tume ya Uchunguzi, iliyozunguka Kongo mwaka 1904 na 1905. Taarifa yake, iliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 1905, ilikiri jambo hili kwa uwazi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi haikuwa chini ya jembe, wakasema wajumbe wa Tume, fasiri ile iliipa Dola umiliki wa karibu ardhi yote. Iliweza kumshtaki yeyote aokotaye hata tunda dogo katika ardhi hiyo, na kumkataza yeyote asijenge makao mapya. Shughuli za wenyeji zikafungiwa mahali padogo, na maisha yao ya uchumi yakasimamishwa palepale yalipokuwa. Wala walioandika hivyo hawakuwa maadui wa mfalme. Aliwateua yeye mwenyewe.

Uchunguzi na sahihi

Baada ya taarifa hiyo sheria ilirekebishwa. Amri ya tarehe 3 Juni 1906 ilikubali kwamba ardhi za wenyeji ni zile wanazozikaa, wanazozilima au wanazozitumia kwa namna yoyote kufuatana na mila zao, na ikaruhusu kijiji kipewe eneo hadi mara tatu ya lile kilicholilima na kulikaa. Ilikuwa hatua ya mbele. Lakini aliyepima ni mtawala, na mpaka uliochorwa naye haukujua idadi ya watoto watakaozaliwa. Ubelgiji ilipoitwaa Kongo mwaka 1908, iliurithi msingi uleule: penye kuonekana kuwa patupu, Serikali ni mwenyewe.

Kwetu Kivu jambo hili lilishika nguvu kwa namna ya pekee. Milima yetu ina hewa ya baridi na udongo mwema, na wazungu waliitamani kwa kilimo cha kahawa, chai na kinini. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa uwezo wa kugawa ardhi kwa walowezi. Vilima vilipimwa, vikawekewa mawe ya saruji, vikaandikwa katika vitabu vya Serikali. Watu waliokuwa wakilima au kuchunga juu yake walihamishwa, ama walibaki hapo kama vibarua wa mwenye shamba. Mahali ambapo jana mtoto alipeleka mbuzi, leo palikuwa na mlinzi.

Ili dhuluma isizidi, amri ya tarehe 31 Mei 1934 iliagiza kwamba kabla ya ardhi kuhesabiwa kuwa tupu, ufanywe uchunguzi: afisa aende mahali penyewe, awasikie wenyeji, aandike haki zao, na wale watakaoziacha walipwe. Nalisifu wazo hilo, maana hapo sheria ilianza tena kuuliza swali la zamani. Lakini kulikuwa na udhaifu. Amri ya mwaka 1933 ilikuwa imewafanya wakuu wa kimila kuwa watumishi wa utawala, wakilipwa na kuweza kuondolewa nao. Ilikuwa vigumu kwa mkuu wa namna hiyo kusema hapana. Sahihi au alama ya kidole ya mtu mmoja iliweza kufunga vinywa vya jamaa mia, na mjane aliyelima pembeni mwa kilima hakuulizwa.

Uhuru na karatasi mpya

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, wengi walitumaini kwamba ardhi itarudi kwa walioilima. Tarehe 7 Juni 1966 ilitolewa sheria iliyoitwa kwa jina la mbunge Bakajika. Kwa sheria hiyo Serikali ilijirudishia haki zote juu ya ardhi, misitu na madini yaliyokuwa yamegawiwa kabla ya tarehe 30 Juni 1960. Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyo msingi wa mambo ya ardhi katika nchi yetu. Kifungu chake cha 53 kilitamka kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, mali isiyouzika wala kupotea kwa kupita kwa miaka. Mtu hupata haki ya kuitumia ardhi kwa mkataba, na haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa.

Na wakulima wa vijiji, ambao hawakuwa na mkataba wala cheti? Vifungu vya 387 hadi 389 viliwataja. Ardhi zao nazo ziliingizwa katika mali ya Serikali, na haki zao za kuzitumia ziliahidiwa kupangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Miaka arobaini ikapita bila amri hiyo kutolewa. Wakati huohuo kifungu cha 207 cha sheria ileile kilisema kwamba kila tendo la kutumia ardhi yoyote lisilo na msingi katika sheria au mkataba ni kosa, na adhabu yake ni kifungo cha miezi miwili hadi sita na faini, au mojawapo ya adhabu hizo. Viwekeni vifungu hivyo viwili bega kwa bega: kimoja kinamwambia mkulima asubiri, haki yake itaandikwa, kingine kinasema kwamba asiye na haki iliyoandikwa atafungwa. Mama wa maharagwe alikuwa amesimama katikati ya vifungu hivyo viwili, na jembe mkononi.

Mwishoni mwa mwaka ule ule, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba makubwa ya wageni yatapewa raia. Mara nyingi waliopokea hawakuwa wale waliolima. Walikuwa watu wa mjini, wenye cheo au wenye rafiki mwenye cheo. Katika Kivu baadhi ya wakuu wa kimila nao waliona kwamba kalinzi ya zamani haileti fedha kama hati mpya, wakasaidia kuandikisha vilima vya watu wao kwa jina la wanunuzi. Hivyo mkoloni alikuwa ameondoka, lakini swali lake lilibaki: hati yako iko wapi?

Wengi wa wakulima hao hawakuhama. Walibaki kando ya mashamba makubwa, wakipewa kipande cha kulima kwa kulipa siku za kazi, ambazo katika sehemu nyingine za Kivu Kaskazini huitwa salongo. Wengine waliingia usiku katika ardhi iliyoachwa bila kulimwa. Na vita vilipokuja, kila upande ulijua jinsi ya kuitumia hasira hiyo. Sisemi kwamba vita vyetu vyote vilizaliwa na mpaka wa shamba, kwa maana vina mama wengi. Lakini kijana asiye na mahali pa kupanda ni mwepesi kuitwa na yule anayegawa bunduki.

Mfalme katika shamba la Nabothi

Ndugu vijana, mnaweza kuniuliza: je, mwalimu anatufundisha kudharau hati? Hapana. Hati njema ni rafiki wa maskini kuliko wa tajiri, kwa sababu tajiri ana njia nyingine za kujilinda. Wala siwafundishi kuvamia. Anayekata ua wa mwingine usiku, akaingiza ng'ombe katika mahindi yake, au akang'oa kahawa yake kwa kisasi, ametenda lile lile alilotendewa, na kanuni ya adhabu ya nchi yetu inamwadhibu aharibuye miti na mazao ya wengine. Jasho la mwenye hati nalo ni jasho, ikiwa kweli amelima.

Lakini kumbukeni habari ya Nabothi katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Alikuwa na shamba la mizabibu karibu na nyumba ya mfalme Ahabu, urithi wa baba zake, akakataa kuliuza. Mke wa mfalme akaandika barua kwa jina la mume wake, akazipiga muhuri wa mfalme, wakapatikana mashahidi wawili wa uongo, na Nabothi akauawa kwa hukumu iliyoonekana halali. Kisha Ahabu akashuka kwenda kulitwaa shamba. Ni ndani ya shamba hilo nabii Eliya alipomkuta. Karatasi zote zilikuwa upande wa mfalme: barua, muhuri, ushahidi, hukumu. Hata hivyo Eliya aliyemkuta pale alimwona mtu aliyeingia shamba la mwingine. Nabii aliuliza swali la zamani, naye mfalme hakuwa na jibu.

Basi hatuachi swali la hati, bali tunadai kwamba lisiulizwe peke yake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imetupa nguvu hapa, kwa kuwa kifungu chake cha 34 kinalinda mali ya mtu binafsi au ya jamii iliyopatikana kufuatana na sheria au mila. Neno hilo, «au mila», ni mlango. Na sheria ya 1973 yenyewe, katika vifungu vya 193 na 194, inaagiza kwamba kabla ya kugawa ardhi ya vijijini ufanywe uchunguzi mahali penyewe: mipaka itazamwe, watu waliopo wahesabiwe, shughuli zao ziandikwe, na wenye madai wasikilizwe, kwa mdomo au kwa maandishi. Mara nyingi uchunguzi huo umefanywa ofisini, juu ya meza, mbali na kilima, kwa sababu hakuna aliyeudai.

Hapa ndipo ninyi mnaojua kusoma mna kazi. Wazee wenu wanajua mipaka, lakini wanakufa nayo. Tembeeni nao kwenye mipaka wakiwa bado na miguu, mkaandike: mto huu, jiwe lile, muyenzi uliopandwa na fulani, majirani wa pande zote nne na sahihi zao. Pandeni upya mimea ya mipaka iliyokauka, mbele ya majirani wote wawili. Tangazo la uchunguzi wa ardhi likibandikwa, lisomeni kwa sauti mahali ambapo mama wasiojua kusoma wanasikia, na siku ya uchunguzi mfike pamoja nao. Msingoje, kwa maana cheti kikiisha kutolewa na miaka miwili kupita, ni vigumu sana kukitikisa. Na majina ya wajane na ya mabinti yaandikwe pia, ili dhuluma ya zamani isiingie katika daftari jipya.

Nilipitia tena kilima kile baada ya miaka. Yule mama alikuwa amefariki, na kwa mipaka iliyokuwapo sikuweza kutambua shamba lake lilianzia wapi. Hakuna aliyekuwa ameandika. Mimi nilikuwa na kalamu mfukoni siku ile alipotusimulia, na sikuitoa. Ndiyo sababu nawaandikia ninyi leo.

Maswali ya kuzungumza katika kundi

1. Katika kijiji au mtaa wetu, mpaka wa shamba unajulikana kwa alama gani, na ni nani bado anaikumbuka?

2. Je, tumewahi kupita, kuchunga au kuchuma katika shamba la mtu bila ruhusa? Tulimlipaje, au tulimwomba radhi?

3. Ni familia gani karibu nasi zinalima bila karatasi yoyote, na tunaweza kuzisaidia kufanya nini kabla ya mwaka huu kwisha?